Bunduki mpya ya kuwindia: anza na karatasi

Wawindaji wenzangu wa Dodoma, Manyoni na Kondoa, mwenye bunduki mpya ya komeo (ile unayovuta komeo kwa mkono kupakia kila risasi) asikimbilie kununua vipuri. Hakikisha kwanza haina risasi. Kisha chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na ubao ulio chini yake, ukikivuta kuelekea kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Kikikwama, ubao unagusa mtutu. Hapo shabaha huhama: mtutu ukipata joto unausukuma ubao, na ubao wenyewe hunywa unyevu na kuvimba mvua za Desemba zinapoanza baada ya kiangazi chetu kirefu.

Viwanda vingine huacha mguso huo makusudi karibu na ncha ya ubao, kwa hiyo piga shabaha kwanza. Risasi zikitawanyika, ndipo usugue ubao kidogo kidogo kwa msasa, kisha upake vanishi mahali pale. Ubao ulioachwa bila vanishi ni mbaya kuliko mwanzo.

Grisi ya kiwandani ifute yote kabla ya risasi ya kwanza. Kwenye komeo paka mafuta membamba sana. Vumbi la huku hung'ang'ania mafuta mengi. Skrubu za darubini zikaze pia.