Kompyuta ya nyumbani ikiingiliwa na virusi: ufanye nini, na kwa mpangilio gani

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya Windows 10 au 11 inayotumiwa na nyumba nzima: mzazi anaingia iTax (mfumo wa kodi wa Kenya) na benki, watoto wanasoma na kucheza, na flashi ya kila mgeni inachomekwa humo. Mpangilio wa hatua una uzito kuliko programu utakayochagua ya kusafishia. Wengi hupoteza akaunti kwa sababu walibadilisha nywila kwenye mashine ambayo bado ina kirusi, na nywila mpya ikaenda kulekule ilikoenda ya zamani.

Dalili za kuaminika ni hizi: ulinzi wa Windows umezimwa na unakataa kuwashwa, kivinjari kinakupeleka kwenye kurasa usizoziomba, feni inavuma kompyuta ikiwa haina kazi yoyote, folda za flashi zimegeuka njia za mkato (shortcut), au marafiki wanaombwa pesa kupitia akaunti yako. Ukurasa unaojaa skrini nzima na kudai kompyuta ina virusi, piga namba hii, si dalili. Ni tovuti ya matapeli. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, chagua kivinjari, kifunge, na ukikifungua tena usikubali kirudishe kurasa za awali. Namba hiyo usiipige kamwe.

Hatua ya 1: Kata mtandao

Zima Wi-Fi au chomoa waya. Chomoa pia flashi na diski ya nje. Ukiona majina ya faili yanabadilika mbele ya macho yako na picha hazifunguki, usingoje: shikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izime kabisa. Hicho ni kirusi cha kudai fidia kikiwa kazini, na kila dakika ni faili nyingine zinazofungwa.

Hatua ya 2: Okoa akaunti ukitumia simu

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Virusi vingi vya siku hizi havina haja ya kuharibu kompyuta. Vinakusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vile vipande vya data vinavyoiambia tovuti kwamba tayari umeingia. Mwizi mwenye vidakuzi vyako anaingia bila nywila na bila ile namba ya siri inayotumwa kwa SMS. Kwa hiyo kubadilisha nywila peke yake hakutoshi. Ni lazima pia umtoe aliyekwisha kuingia.

Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kubadilishia nywila nyingine zote. Kwa Gmail, fungua sehemu ya usalama ya akaunti ya Google, badilisha nywila, kisha pitia orodha ya vifaa na uondoe kila usichokitambua, pamoja na hiyo kompyuta yenyewe. Hakikisha namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti ni zako. Halafu fungua Gmail kwenye kivinjari cha simu kwa mwonekano wa kompyuta, ukague vichujio na usambazaji wa barua. Wezi hupenda kuweka kichujio kinachofuta barua za benki kabla hujaziona, na kichujio hicho hakiondoki kwa kubadilisha nywila.

Baada ya hapo nenda benki, eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya), iTax na mitandao ya kijamii. Kwenye WhatsApp fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe vyote. PIN ya M-Pesa haikai kwenye kompyuta, lakini kama uliiandika kwenye faili au unatumia namba hiyohiyo kwingine, ibadilishe. Kama kadi ya benki ilihifadhiwa kwenye kivinjari, piga simu benki waifunge, ukitumia namba iliyo nyuma ya kadi.

Hatua ya 3: Jua kilipoingilia

Tazama folda ya vilivyopakuliwa, ukivipanga kwa tarehe. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kidirisha kidogo kitafunguka, nacho hukumbuka amri zilizowahi kuandikwa humo. Bofya mshale wa upande wa kulia uone orodha. Ukikuta mstari unaoanza na powershell au mshta, programu za Windows za kuendeshea amri, ukifuatwa na anwani ya tovuti au herufi ndefu zisizoeleweka, na mwenye mashine hakumbuki kuuandika, umepata mlango. Funga kwa Esc. Ukibonyeza Enter unaiendesha amri hiyo upya. Huu ni ulaghai ulioenea tangu 2024: tovuti inajifanya inahakiki kwamba wewe si roboti, inakuagiza ubonyeze Windows+R, kisha Ctrl+V, kisha Enter. Hakuna uhakiki wa kweli unaohitaji vitufe hivyo. Wafundishe watoto hilo leo.

Mlango wa pili ni programu za wizi: Office iliyovunjwa kufuli, michezo ya bure isiyo ya bure, na vifaa vya kuidanganya Windows ione imelipiwa. Karibu zote huomba uzime ulinzi kwanza. Laptopu za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zinazouzwa Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi huenda zina leseni halali ya Windows, ila muuzaji akiwekea Office ya wizi juu yake, huenda akaiamuru Windows isikague folda fulani. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Kwa kompyuta ya nyumbani orodha hiyo inafaa kuwa tupu. Ukikuta C:\ nzima imo, antivairasi yako imekuwa pambo tu.

Hatua ya 4: Safisha

Ondoa kila kilichomo kwenye "Exclusions" na uwashe "Tamper Protection", inayozuia programu nyingine kuuzima ulinzi. Kwa kuwa mtandao umekatwa, pakua kwenye kompyuta safi faili ya Microsoft iitwayo mpam-fe.exe inayoleta orodha mpya ya virusi, na Microsoft Safety Scanner, uvilete kwa flashi. Safety Scanner hufanya kazi kwa siku 10 tangu kupakuliwa, basi usitegemee ya mwaka jana.

Endesha mpam-fe.exe, kisha kwenye "Scan options" chagua ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15, wakati kirusi hakina nafasi ya kujificha. Chomeka chaja, stima ikipotea na betri imechoka utaanza upya. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data ya diski, mashine huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema kwa simu kwenye akaunti yako ya Microsoft, chini ya vifaa vyako.

Ikimaliza, endesha Safety Scanner kwa ukaguzi kamili. Usisakinishe antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Zitakabana, na kompyuta itakuwa nzito bila faida. Kisha ondoa viendelezi vya kivinjari usivyovijua, ufute ruhusa za tovuti kutuma arifa, na ukague "Task Scheduler", orodha ya kazi ambazo Windows hujiendeshea yenyewe. Kazi inayoendesha powershell au wscript kutoka ndani ya folda ya AppData ndiyo humrudisha mgeni kila ukiwasha mashine.

Hatua ya 5: Lini kusafisha hakutoshi

Kama mlango ulikuwa ile amri ya Windows+R au programu ya wizi, au kama kirusi kimerudi baada ya kuwasha upya, usibishane nacho. Futa diski na usakinishe Windows upya. Ni kazi ya jioni moja, na ndiyo njia pekee ya kulala bila wasiwasi.

Nakili hati, picha na video peke yake. Usibebe faili zenye mwisho wa .exe, .msi, .bat, .js, .vbs, .scr wala .lnk. Kwenye kompyuta safi, tumia "Media Creation Tool" ya Microsoft na flashi ya angalau GB 8, ukijua kila kilichomo kitafutwa. Upakuaji ni wa GB kadhaa, kwa hiyo tumia Wi-Fi, si bando. Washa mashine ukigonga F12 kwa Dell au Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague flashi. Ukifika kwenye orodha ya diski, hakikisha diski ya nje imechomolewa, futa vigawanyo vyote mpaka ibaki nafasi tupu, ndipo uendelee.

Usiogope habari ya leseni. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 10 au 11 hubeba ufunguo wake kwenye bodi, na Windows hujiwezesha yenyewe ikipata intaneti, mradi usakinishe toleo lilelile, Home kwa Home na Pro kwa Pro. Badala ya Office ya wizi weka LibreOffice. Ni ya bure na inafungua docx na xlsx.

Kama faili zimefungwa

Usilipe, na usifute faili zilizofungwa. Piga picha ujumbe wa fidia, kisha ukiwa kwenye kompyuta safi nenda tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na McAfee. Inatambua aina ya kirusi kwa sampuli ya faili na kutoa kifungulio cha bure pale kinapokuwepo. Ukikuta ujumbe uitwao _readme.txt, huenda ni STOP/Djvu, kinachosambazwa sana kupitia programu za wizi; baadhi ya matoleo yake hufunguka, mengi mapya hayafunguki. Zihifadhi faili kwenye diski ya pembeni, maana funguo nyingine hupatikana baadaye. Ripoti kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, na kwa KE-CIRT, kituo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Flashi iliyotoka saiba (duka la intaneti)

Folda zikigeuka njia za mkato, hati zako kwa kawaida bado zimo, zimefichwa tu. Usibofye njia ya mkato hata moja, kwani ndiyo inayokiendesha kirusi. Fungua "Command Prompt" na, kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili hati, kisha fomati flashi. Kwa kuchapisha, tuma hati kwa barua pepe ya saiba kutoka kwenye simu yako. Hutaingiza nywila yako kwenye mashine yao, na flashi yako itabaki nyumbani.

Ili isirudi

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wateja wa nyumbani waliojiandikisha hupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Ukinunua ex-UK yenye Intel Core, dai kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu vya chini yake karibu vyote havimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11.

Wape watoto akaunti isiyo ya msimamizi. Kirusi kikitaka kubadilisha mfumo kitaomba nywila ambayo hawana. Kwenye "File Explorer", chini ya "View" na "Show", washa viendelezi vya majina ya faili, ili risiti.pdf.exe ijulikane ilivyo. Badilisha nywila ya kiwandani ya ruta.

Nakala za akiba ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mtandaoni. Diski ya nje ichomeke wakati wa kunakili tu, kwani ikikaa imechomekwa kirusi cha fidia kitaifunga pamoja na kompyuta. Mara moja kwa mwezi fungua faili mbili tatu kutoka kwenye diski hiyo, kwenye kompyuta nyingine, uone kama zinafunguka.