Waulize nyuki wenyewe kama wanaona bluu

Wanafunzi wangu hapa Singida wakisikia kwamba nyuki huona rangi, huuliza tumejuaje. Nalipenda sana swali hilo, kwa sababu jibu lake linapatikana juu ya meza moja tu. Karl von Frisch, mtaalamu wa wanyama, alichapisha jaribio hili mwaka 1914, akiwa Munich, Ujerumani, wakati Carl von Hess, daktari wa macho aliyeheshimika, akishikilia kwamba nyuki hawaoni rangi hata kidogo.

Moyo wa jaribio ni kadi za kijivu. Ukiweka bluu na nyeupe pekee, kisha nyuki akaenda kwenye bluu, bado hujathibitisha kitu. Huenda ametambua tu kwamba moja imekoza kuliko nyingine. Kwa hiyo changanya rangi nyeusi na nyeupe, upake kadi kumi na tano, kuanzia nyeupe hadi nyeusi tii, kila moja ikikoza kidogo kuliko iliyotangulia. Ya kumi na sita iwe bluu. Zipige picha kwa simu na uiondoe rangi picha hiyo: kadi ya bluu inapaswa kupotea katikati ya zile za kijivu. Jicho la nyuki halipimi mwanga sawa na kamera, ndiyo maana usipunguze ngazi za kijivu hata kama kazi ya kupaka inachosha.

Weka meza mbali na mizinga na mahali watoto wanapochezea. Nyuki wetu ni wakali, na mwenye mzio wa sumu yao asikaribie kabisa. Anza na kisahani cha maji ya sukari, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, karibu na maua wanayotembelea. Wakishakizoea, kisogeze polepole hadi mezani. Asali usitumie: harufu yake huwaongoza, tena inaweza kueneza magonjwa ya nyuki.

Panga kadi nne kwa nne, zifunike kwa kioo ili harufu ya rangi isipenye, na juu ya kila kadi weka kisahani cha kioo. Sukari iwe kwenye bluu tu. Hamisha bluu mara kwa mara, maana nyuki hukumbuka mahali vizuri mno.

Wakishajifunza, ondoa kila kitu. Weka kioo kisafi na visahani vilivyooshwa, vyote vitupu, bluu ikiwa mahali papya. Sasa hesabu wanakotua. Wakijaa kwenye bluu ilhali hakuna sukari, hiyo ni rangi wanayoifuata.

Rudia kwa nyekundu, na hapo ndipo darasa langu hukaa kimya. Nyuki huichanganya na nyeusi na kijivu kilichokoza. Macho yao yana aina tatu za chembe za kupokea rangi: za kijani, za bluu na za urujuanimno, mwanga ambao sisi hatuuoni. Ndiyo sababu warinaji hutumia tochi yenye mwanga mwekundu usiku. Na alizeti za hapa kwetu, ambazo kwetu ni njano tupu, kwa nyuki zina duara katikati, kwa kuwa ncha za petali hurudisha urujuanimno, na sehemu za petali zilizo karibu na katikati huumeza.

Ukimaliza, osha meza na visahani siku hiyohiyo. La sivyo nyuki watarudi kesho kudai sukari, na majirani hawatafurahi.