Mbuzi, amonia na asidi ya hewani: jinsi ninavyopima chini ya Nyiragongo

Sampuli yangu ya kwanza ya asidi ya hewani kule Rusayo, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Goma, Kongo, ilitoa sifuri. Siku hiyo moshi wa volkano ya Nyiragongo ulikuwa umelala juu ya kijiji, majani ya maharage yameungua kingo, nami nakohoa tangu asubuhi. Nilirudia hesabu mara tatu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenionyesha zizi la mbuzi, hatua sita tu kutoka kwenye pampu yangu ya kuvuta hewa. Mkojo hutoa amonia, na amonia ikikutana na asidi huimaliza ukali. Asidi ilikuwepo hewani, ila ilifia kwenye chujio langu.

Volkano hutoa gesi ya salfa dioksidi. Sehemu yake hugeuka hewani kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfuriki, na matone hayo ndiyo tunayoyatafuta, si gesi yenyewe. Kazi karibu yote ni kuizuia amonia isiyafikie.

Funga chombo juu ya paa, mbali na zizi, choo na jiko la makala. Mdomoni weka kifaa cha kukamata chembe zinazozidi mikromita 2.5, kwa sababu vumbi la udongo nalo huweza kuila asidi. Kinachofuata ni dinuda: mrija wa kioo ndani ya mrija mwingine, katikati pana upenyo mwembamba, na kuta zimepakwa asidi ya sitiriki. Amonia, kwa kuwa ni gesi, hutangatanga mpaka iguse ukuta na kunasa. Matone ni mazito kuliko molekuli za gesi, hupita katikati bila kugeuka. Simamisha mrija wima. Ukiulaza, chembe zitatua ukutani.

Nyuma ya dinuda huwa chujio la Teflon la milimita 37. La nyuzi za kioo usilipokee hata ukipewa bure, maana lina alkali.

Pampu ivute lita 10 kwa dakika kwa saa 24, yaani mita za ujazo 14.4. Mimi hutumia betri ya gari, maana umeme wetu mnaujua. Pima mtiririko mwanzoni na mwishoni.

Wakati wa kutoa chujio, vaa glovu na geuza uso pembeni. Ndiyo, hata pumzi yako ina amonia! Lifungie kwenye kikopo chenye karatasi iliyolowekwa asidi ya sitiriki. Chukua pia chujio tupu la kulinganishia, lisafiri nawe kwenda na kurudi bila kuvutiwa hewa.

Maabarani, Teflon hukataa maji, kwa hiyo lilowanishe kwanza kwa matone machache ya ethanoli. Kisha ongeza mililita 6 za asidi ya pakloriki iliyozimuliwa hadi pH 4 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: ikishuka, asidi imeongezeka), yenye chumvi kidogo ya kloridi ya potasiamu ili kipimo kitulie. Usitumie maji matupu: hunyonya kaboni dioksidi na pH yake huyumba. Tikisa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, halafu soma pH, ukilinganisha na myeyusho wa asidi ya salfuriki ambao kipimo chake unakijua.

Tuseme chujio tupu limesoma 4.00 na la Rusayo 3.90. Tofauti ya asidi ni kama mikromoli 26 kwa lita. Kwa mililita 6 inakuwa mikromoli 0.155. Zidisha kwa 49 (nusu ya 98, uzito wa mikromoli moja ya asidi ya salfuriki kwa mikrogramu, maana kila molekuli yake hutoa ioni mbili za asidi), upate mikrogramu 7.6 za asidi ya salfuriki. Gawa kwa 14.4: mikrogramu 0.53 kwa kila mita ya ujazo.

Kando ya namba hiyo andika upepo ulitoka wapi na saa ngapi uligeuka. Kwetu moshi mara nyingi huelekea magharibi, upande wa Sake, kwa hiyo siku ya namba ndogo kijijini huenda ni siku mbaya kwa jirani. Na mbuzi, kama wamehamishiwa karibu, waandike nao.