Weka kijani ndani msimu wa mvua

Mvua za Machi hadi Mei zikishika Kampala, nyumba inakuwa giza mchana kutwa na moyo nao unapoa. Mimi nilichogundua ni hiki: weka mmea mmoja pale unaponywea chai asubuhi. Si kwenye kona, bali karibu na dirisha, uuone kabla hujashika simu.

Anza na ule unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo. Omba kipande kwa jirani, kata chini kidogo ya kifundo (pale jani linapoota kwenye shina), tia kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki mbili tatu utaona mizizi myeupe ikichungulia, na kila asubuhi utajikuta unainama kuitazama. Hapo ndipo raha ilipo, kuona kitu kinakua wakati nje kumekaa kijivu. Badilisha maji kila wiki, na siku umechoka, pangusa majani kwa kitambaa chenye unyevu, polepole, moja moja.

Ukihamishia kwenye udongo, kopo la zamani linatosha, litoboe chini. Msimu huu mimea mingi hufa kwa maji kuzidi. Chomeka kidole: kukiwa na unyevu, acha. Na tafadhali mwaga maji ya kisahani, mbu wanayapenda.

Wenye ndugu Uingereza, watumieni hii. Desemba London jua huzama kabla ya saa kumi jioni, wanahitaji kijani kuliko sisi.