Kuwatazama Dubu wa Katmai Nje ya Msimu: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Kabla hujafikiria cha kubeba, jiulize dubu watakuwa wanakula nini tarehe uliyoichagua. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katmai, kusini-magharibi mwa Alaska, chakula ndicho kinachopanga kila kitu. Mwezi wa Julai samoni hupanda Mto Brooks kwa makundi, na dubu wa kahawia hukusanyika kwenye maporomoko kuwadaka. Huo ndio msimu wenyewe, wakati ambapo wageni husubiri zamu ya kupanda jukwaa la kutazamia linalochukua watu 40 tu. Ukienda nje ya hapo, nafasi utaipata. Dubu ni suala jingine.

Agosti ndiyo inayowaponza wengi. Kwenye kalenda bado ni kiangazi, ndege zinaruka na malazi yako wazi, ila samaki wameshatawanyika kwenda kutaga na dubu wengi wamewafuata huko. Septemba wanarudi. Samoni waliokwisha kutaga hudhoofika na kufa, mkondo huwasukuma kuelekea mdomo wa mto, na dubu wanaotafuta mafuta ya kuwavusha miezi ya baridi huwaokota bila jasho. Kwa hiyo Septemba usikimbilie maporomoko. Anza na sehemu ya chini ya mto, karibu na daraja. Wakati huo dume mkubwa anaweza kupita kilo 450, na kwa maoni yangu, kumwona mnyama wa uzito huo akikokota tumbo majini kunazishinda zile picha za Julai ambazo kila mtu ameshaziona.

Mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, nenda pwani. Dubu waliotoka kwenye mashimo walimolala hushuka kula majani machanga yanayoota kando ya bahari na kufukua kombe mchangani, katika ghuba kama Hallo Bay, au Chinitna Bay iliyo katika hifadhi jirani ya Lake Clark. Huko ratiba inapangwa na maji. Ndege ndogo za magurudumu hutua juu ya mchanga wenyewe wakati maji yamekupwa, na upande wa ghuba kubwa ya Cook Inlet tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika mita 8. Rubani akisema ni wakati wa kuondoka, usimwombe dakika kumi za picha.

Hakuna barabara ya kukufikisha Kambi ya Brooks, kituo cha wageni kilicho kando ya mto huo wa Brooks, kutoka mji wowote. Wengi huruka hadi mji mdogo wa King Salmon, kisha hupanda ndege inayotua majini. Wengine hutoka moja kwa moja Anchorage au Homer. Marubani hawa hutegemea macho yao, kwa hiyo ukungu, mawingu ya chini au upepo unaoinua mawimbi ziwani vinatosha kuifuta safari. Vuli ndiyo yenye mvua na upepo zaidi, na kufikia mwisho wa Septemba urefu wa mchana umepungua hadi muda wa saa 12 hivi, tofauti kabisa na Juni ambapo karibu hakuna usiku. Acha angalau siku moja tupu baada ya siku ya safari, na usikate tiketi ya kurudi nyumbani jioni ileile. Kabla ya kulipa, soma masharti ya kampuni: hali ya hewa ikiharibika, je, wanarudisha fedha au wanasogeza tarehe tu?

Kingine ni huduma. Kambi ya Brooks hufunguliwa tarehe 1 Juni na kufungwa katikati ya Septemba. Ukifika baada ya hapo usitarajie chakula cha kununua, chumba cha kujikinga na mvua wala askari wa hifadhi wa kukuonyesha njia. Mtu ambaye hajawahi kutembea kwenye nchi ya dubu asiende kipindi hicho bila kiongozi mzoefu. Kambi ikiwa wazi, kila mgeni hupewa kwanza mafunzo mafupi ya namna ya kuishi na dubu. Umbali unaotakiwa ni yadi 50, karibu mita 45, na dubu akija upande wako wewe ndiye unayesogea. Usikimbie kamwe. Zungumza kwa sauti ya kawaida ukirudi nyuma taratibu. Akisimama kwa miguu miwili, mara nyingi anachunguza au ananusa tu.

Chakula hakipiti njiani kwenda mtoni. Unaruhusiwa maji matupu. Vingine huachwa kwenye ghala la kambi, pamoja na vile ambavyo watu hawavihesabu kuwa chakula: peremende, dawa ya meno, mafuta ya midomo yenye harufu. Kagua mifuko ya koti pia. Dawa ya pilipili ya kumfukuzia dubu hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, iwe mkononi au kwenye begi la mizigo, kwa hiyo inunue ukishafika Alaska, na umwambie rubani wa ndege ndogo kabla hajapakia. Hataki ipasuke ndani alimoketi. Kengele za kufunga kwenye begi ili dubu akusikie ziache dukani.

Nguo ni jambo dogo: tabaka kadhaa zisizo za pamba, koti na suruali visivyopitisha maji, kofia, glavu. Viatu ndivyo vya kuulizia, kwa sababu pwani huenda ukashuka kwenye ndege ukakanyaga maji, na unahitaji mabuti ya mpira yanayopita magoti. Baadhi ya kampuni huyatoa. Betri za kamera zikae mfuko wa ndani, kwani baridi huzimaliza haraka. Chukua darubini, maana yadi 50 ni mbali ukitaka kuona uso wa mnyama.

Simu usiitegemee huko. Mwachie mtu ratiba yako kamili na jina la kampuni, beba dawa zako za siku mbili hata kama unakwenda kwa mchana mmoja, na umuulize rubani waziwazi: hali ya hewa ikimzuia kurudi kuwachukua jioni, mtalala wapi?