Somo: Kuhamisha programu ya C kutoka Linux kwenda Windows

Mfano wetu ni programu ndogo ya ghala la mkonge hapa Tanga: karani anaingiza namba ya robota na uzito wake, programu inaandika kwenye mizani.dat. Imezaliwa kwenye Linux, kompyuta ya ghalani ni Windows. Kukompaili si shida sana. Shida ni yale yanayoharibika kimyakimya.

Hatua ya 1. Weka MSYS2 (mkusanyiko wa zana za kukompaili kwenye Windows), fungua dirisha la UCRT64, andika:
pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc
Usikompaili kwenye dirisha la MSYS. Programu ya huko inadai msys-2.0.dll, na ghalani haipo.

Hatua ya 2. Kagua majina ya mafaili. Uzito.h na uzito.h kwa Linux ni mawili, kwa Windows ni moja. Kama kuna aux.c, libadilishe jina. Aux, con na nul yametengwa tangu enzi za DOS.

Hatua ya 3. Tafuta kila fopen, yaani kila mahali programu inapofungua faili. Hapa tukae kidogo. Ukifungua kwa "w", Windows inachukulia ni maandishi, basi kila baiti 0A (alama ya mstari mpya, kwa heksadesimali) inatanguliziwa 0D. Namba ya robota la 10, kwa baiti nne, ni 0A 00 00 00. Kwenye faili inakuwa 0D 0A 00 00 00. Baiti moja imezidi, na fseek (kuruka hadi mahali fulani kwenye faili) ya marobota yanayofuata inaangukia pabaya. Ukisoma mfululizo kwa "r", ile 0D inaondolewa, utajiona salama. Ngoja robota la 26: 26 kwa heksadesimali ni 1A, na baiti hiyo huhesabiwa mwisho wa faili, usomaji unakatika papo hapo. Weka "wb" na "rb" kote. Linux haijali hiyo b.

Hatua ya 4. Aina ya namba long ina baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, 4 kwenye Windows. Kwenye rekodi tumia int64_t, ambayo ni baiti 8 kote.

Hatua ya 5. fork (kuzaa mchakato mpya) haipo kwa Windows. Kama inafuatiwa na exec (kuendesha programu nyingine), tumia CreateProcess. Cygwin (mazingira ya mtindo wa Unix juu ya Windows) huiigiza fork, ila polepole mno.

MASWALI

Mwanachama, Pangani: Wakuu, skripti niliyoihariri Windows, nikiirudisha Linux inalalamika bad interpreter na ^M.
Jibu: Ni 0D mwishoni mwa mistari, ndugu. sed -i 's/\r$//' kazi.sh, kisha kwenye .gitattributes (faili la mipangilio ya Git) weka *.sh text eol=lf.

Mwanachama, Chumbageni: rename (kubadili jina la faili) juu ya ripoti ya jana inagoma. Linux inapita vizuri tu.
Jibu: Kwa Windows, rename hukataa jina likishakuwepo. Funga faili kwa fclose kwanza, halafu MoveFileEx pamoja na MOVEFILE_REPLACE_EXISTING. Ikigoma tena, angalia kama karani hajaiacha ripoti wazi kwenye Excel.