Jinsi ya kuipanga tofauti ndani ya spishi: mifano ya Unguja na Pemba

Wanafunzi ninaowatembeza msitu wa Jozani, Unguja, huniletea jani pana kuliko mengine wakitaka jina papo hapo. Jina huja mwisho.

Kwanza, hakikisha ni spishi moja. Wakulima wa mwani wa Paje hutaja aina mbili, spinosamu na kotonii, lakini hizo ni spishi mbili za jenasi (kundi la spishi za karibu) tofauti: Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii. Kotonii yenyewe huwa ya kahawia, kijani au nyekundu, na hiyo ndiyo tofauti ya ndani ya spishi.

Pili, ondoa umri, jinsia na msimu. Ni hatua fupi, ila usiiruke: kinda na mzazi wake huweza kudhaniwa ndege wawili.

Tatu, tenganisha urithi na mazingira. Hapa ndipo kazi ilipo. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, ukiota penye chumvi nyingi, nyuma ya mikoko mingine, hudumaa. Chukua mbegu zake na za mchu mrefu wa ukingoni, uzioteshe kitalu kimoja, udongo mmoja, maji yaleyale. Miche ikilingana, ni chumvi tu iliyoudumaza. Tofauti ikibaki, huenda una ekotipu, yaani kundi la spishi lililozoea mazingira yake kwa urithi, istilahi aliyoianzisha Göte Turesson wa Sweden mwaka 1922 kwa majaribio ya namna hiyo.

Nne, tazama ramani. Nususpishi, yaani kundi lenye jina ndani ya spishi, ina eneo lake, na wengi wa viumbe wake hutambulika tofauti na wa maeneo mengine. Kipimo kilichozoeleka ni asilimia 75. Umbo likibadilika kidogo kidogo bila mpaka, usilazimishe mstari.

Sasa jina. Kanuni za kutaja majina ya wanyama zina ngazi moja tu chini ya spishi, yaani nususpishi. Za mimea huongeza varieti na forma, ngazi zilizo chini ya nususpishi. Embe boribo na dodo hazimo humo. Hizo ni aina za kilimo, zinatunzwa kwa kubebesha, na huandikwa hivi: Mangifera indica ‘Boribo’.

Majina nayo hubadilika. Mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama Pocock alimpa chui wa Unguja nususpishi yake, Panthera pardus adersi. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa jamii ya paka wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, likawaweka chui wote wa Afrika katika nususpishi moja. Kima punju alipanda: zamani nususpishi, leo ni spishi kamili, Piliocolobus kirkii. Kwa sababu hiyo mimi nathamini lebo ya sampuli kuliko jina. Andika mahali, tarehe, vipimo na orodha ya majina uliyoifuata, ili sampuli isomeke hata jina likifutwa.